Wasomaji Wanauliza: Shaka Linaposema Huwezi

SWALI: Miezi sita iliyopita nilipandishwa cheo, sasa nasimamia watu wanane. Tangu hapo naenda kazini roho mkononi, nikingoja siku ya kuumbuka. Barua ya mistari minne naisoma mara tano kabla ya kuituma. Wakinisifu, najisemea moyoni kwamba hawajanijua bado. Rafiki alinishauri nisimame mbele ya kioo kila asubuhi niseme "Mimi ni hodari", lakini nikimaliza najiona hovyo zaidi. Hiyo nguvu ya ndani wanayoisema watu naipata wapi?

JIBU: Tuanze na kioo. Hapo hukukosea wewe. Ushauri ndio haukukufaa. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walirudiarudia maneno ya kujisifu. Wale waliojithamini kidogo waliishia kujisikia vibaya kuliko wenzao wa hali hiyohiyo ambao hawakutamka lolote. Ukisema "mimi ni hodari" na huamini, moyo hukujibu "si kweli", kisha unaanza kukuletea ushahidi.

Hali yako inajulikana. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu sana lakini wakajiona walaghai ambao siku yoyote watafichuliwa. Baadaye ilionekana kwa wanaume pia. Mtego wake ni huu: ukifanya vizuri, sifa unaipa bahati au zile mara tano za kusoma, ukikosea, kosa ni lako peke yako. Ndiyo maana miezi sita ya kazi haijakuachia akiba yoyote moyoni. Nguvu unayo, ila hesabu yake unaiandika kwenye daftari la mtu mwingine.

Basi chukua daftari lako. Kabla ya jambo linalokutisha, andika unachotabiri kitatokea na una uhakika kiasi gani. Jambo likiisha, siku hiyohiyo kabla ya kulala, andika kilichotokea na wewe ulifanya nini. Kwa mfano: "Kikao cha saa nne. Nitakwama kwenye swali la bajeti na wawili watalalamika. Uhakika asilimia 80." Jioni: "Niliulizwa maswali matatu. Moja sikulijua, nikasema nitaleta jibu mchana, na nikalileta. Hakuna aliyelalamika." Soma tena hapo. Ulikwama kweli, na ukajikwamua. Nguvu uliyokuwa unaitafuta imekaa katika yale maneno "nikalileta", na usingeiona kama usingeiandika.

Wengi huharibu zoezi hili kwa kuandika hisia. "Nitaaibika" haipimiki; "wawili watalalamika" inapimika. Wengine hungoja siku mbili tatu, na kufikia hapo shaka limeshahariri kumbukumbu. Endelea wiki mbili, hata ukosapo hamu, hadi upate matukio 10 hivi.

Na ile barua: wiki hii isome mara tatu, wiki ijayo mara mbili, ukianzia na barua zisizo na uzito. Usipopunguza, hutajua kamwe kama barua ilikuwa nzuri au ni mara tano zilizoiokoa. Siku za mwanzo wasiwasi utapanda. Hilo halimaanishi umekosea njia. Ila ukishatuma usiifungue tena kuikagua, maana hapo umeirudisha ile tabia kwa mlango wa nyuma.

SWALI: Nimefeli mtihani wa uhasibu mara mbili. Nikifungua kitabu, mikono inalegea. Nitarudishaje imani?

JIBU: Usiingoje imani ndipo usome. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa ataweza hutoka kwenye vyanzo vinne: kufanya mwenyewe akafaulu, kumwona mwingine akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi anavyozitafsiri ishara za mwili wake. Cha kwanza kinazidi vyote.

Kwa hiyo jitengenezee ushindi mdogo usio wa bure. Tenga dakika 25, mada moja, maswali 5, kitabu kimefungwa. Ukipata 3 au 4, upo mahali panapokufaa. Ukipata yote, panda. Ukipata 1, mada ni kubwa mno, ikate vipande. Kurudi moja kwa moja kwenye karatasi nzima ya mtihani ndiko kunakowavunja watu moyo, kwa sababu wanapanda ngazi kuanzia kipandio cha juu. Tafuta pia mtu aliyefeli kama wewe kisha akafaulu, umuulize alibadilisha nini hasa. Aliyefaulu mara ya kwanza bila taabu hatakusaidia sana hapo.

Lakini kama kulegea huko kumeenea hadi usingizi, chakula na mambo uliyoyapenda, na kumefika wiki mbili, nenda kamwone daktari. Yakija mawazo ya kujidhuru, usingoje hizo wiki. Mwambie mtu wa karibu leo na mtafute msaada leo.

SWALI: Nikiitwa kuzungumza mbele za watu moyo unadunda mpaka nasahau nilichotaka kusema.

JIBU: Usihangaike kuutuliza moyo kabisa. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks alionyesha kwamba watu waliojiambia "nimesisimka" walihutubia vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia". Mwili uliochangamka ni rahisi kuuelekeza kuliko kuuzima.

Dakika tatu kabla ya kusimama, vuta hewa taratibu puani ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Usivute kwa nguvu wala haraka. Ukihisi kizunguzungu au vidole vikichonyota, umezidisha, rudi kwenye pumzi ya kawaida. Sentensi yako ya kwanza ikariri neno kwa neno. Zinazofuata ziandike kwa maneno matatu matatu tu kwenye kikaratasi kimoja, kwa herufi kubwa utakazoziona hata mkono ukitetemeka.