Kabla ya mshauri, iangalieni kazi yenyewe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mfanyakazi na mwajiri watafute wapi nyenzo za kulinda afya ya akili kazini?" Nimekaa kwenye kamati ya usalama na afya kazini miaka ya kutosha kuona makabrasha ya kila namna yakiletwa mezani, na naweza kusema nyenzo si haba. Ila nyingi tunazozikimbilia humshughulikia mtu aliyeumia, na chache mno huigusa kazi iliyomuumiza.

Mambo huenda hivi. Watu wanalalamika kwamba wamechoka, usingizi hauji, hasira ziko karibu. Uongozi unaleta mtoa mada wa siku moja, anawafundisha kuvuta pumzi na kuwaza mema. Makofi yanapigwa, picha zinapigwa, na kesho yake kila mmoja anarudi kwenye zamu ileile isiyo na watu wa kutosha, chini ya msimamizi yuleyule anayetuma ujumbe usiku wa manane. Ni kumnywesha dawa ya kikohozi mtu anayelala kwenye chumba cha moshi.

Mwaka 2024 mtafiti William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 ya Uingereza. Walioshiriki mafunzo ya kuhimili msongo, programu za simu za kutuliza akili na mengine ya aina hiyo hawakuonekana kuwa na nafuu kuliko wenzao wasioshiriki. Shughuli za kujitolea kusaidia wengine ndizo pekee zilizoonyesha dalili ya faida. Uchambuzi huo ulilinganisha watu kwa wakati mmoja tu, kwa hiyo haufungi mjadala, lakini mwajiri anayetaka kumaliza bajeti yake yote kwenye semina angefanya vizuri kuusoma kwanza.

Mimi ningeanza na dodoso la HSE, mamlaka ya Uingereza inayosimamia usalama na afya kazini. Lina maswali 35 na hupatikana bure mtandaoni. Linauliza kuhusu mzigo wa kazi, uhuru wa mtu kuamua aifanyeje kazi yake, msaada wa wakubwa na wenzake, mahusiano, kama majukumu yanaeleweka, na jinsi mabadiliko yanavyoletwa. Hakuna swali linalomtaka mtu aseme kama ni mgonjwa. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, maana anayeogopa kusema "nina sonona" haogopi kusema "sijui bosi wangu ni nani kati ya hawa wawili."

Hilo la uhuru lisipitwe haraka. Mtafiti Robert Karasek alieleza tangu 1979 kwamba kinachomsaga mtu zaidi ni kazi nyingi asiyokuwa na sauti juu yake. Wingi wa kazi peke yake hauelezi kila kitu. Kwetu, idara moja iliyokuwa ikilia kuzidiwa ilipojaza dodoso, alama za mzigo hazikuwa mbaya sana. Zilizokuwa mbaya ni za uhuru. Tulipokaa nao, wakasema ratiba ya zamu hubandikwa dakika za mwisho na hakuna anayeruhusiwa kubadilishana na mwenzake. Kuitoa mapema na kuruhusu kubadilishana hakukuhitaji mtoa mada wala bajeti. Mtafiti mwingine, Johannes Siegrist, mwaka 1996 aliongeza upande wa malipo: anayejituma sana na kurudishiwa kidogo, iwe ni mshahara, heshima au uhakika wa ajira, afya yake humomonyoka. Mtu wa namna hiyo ukimwambia avute pumzi ndefu atakutazama tu, na ana haki.

Mkilitumia dodoso, lijazwe bila majina, na msichambue kikundi kidogo kiasi cha kila mtu kujua nani kasema nini. Majibu yarudishwe kwa waliojibu. Na kama uongozi hauko tayari kubadilisha chochote, bora msiulize kabisa, kwa sababu watu wakiulizwa mara moja na kupuuzwa, mara ya pili hawatawaambia ukweli. Asiyependa hilo la HSE atazame COPSOQ, dodoso la Denmark ambalo ni refu zaidi, au kiwango cha kitaifa cha Kanada cha mwaka 2013 kuhusu afya ya akili kazini, yaani mwongozo wa kufuatwa na mwajiri, ambacho nacho ni cha bure. Kiwango cha kimataifa, ISO 45003 cha 2021, ni kizuri lakini huuzwa.

Kwa bosi anayesikia lugha ya fedha tu, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona na wasiwasi uliopindukia huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara ya karibu dola trilioni 1. Mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unapendekeza kurekebisha mazingira ya kazi na kuwafundisha mameneja. Kwa bosi anayeogopa sheria, mwezi Juni mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi kazini, na hilo linazigusa nchi wanachama wote, hata zisizoridhia mikataba husika. Upo pia Mkataba namba 190 wa 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini. Hizi nazo ni nyenzo, na chama cha wafanyakazi kinachojua kuzitumia kwenye mazungumzo ya mkataba wa hali bora kinaweza kupata mengi kuliko bango la ukutani.

Sisemi ushauri nasaha hauna kazi. Unayo, na kwa baadhi ya watu ndio unaowavusha. Ila huduma inayolipiwa na mwajiri iulizwe maswali kabla mtu hajafungua moyo. Nani anapata taarifa, na taarifa gani? Mwajiri anastahili idadi ya jumla tu, na penye watu wachache hata idadi inaweza kumtaja mtu. Vikao ni vingapi, na vikiisha mtu anapelekwa wapi? Mshauri ana leseni? Binafsi singempigia mshauri huyo kwa simu ya ofisi. Tunapenda kuwaambia watu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, halafu anayeyasema anakosa cheo.

Wapo pia watoa huduma ya kwanza ya afya ya akili, yaani wafanyakazi wa kawaida waliofunzwa kumsaidia mwenzao anayeelemewa, mpango ulioanzishwa Australia mwaka 2000 na Betty Kitchener na Anthony Jorm. Waliopitia mafunzo hayo hujua zaidi na hujiamini zaidi kumkaribia mwenzao. Ushahidi kwamba anayesaidiwa hupata nafuu bado ni mdogo. Wawepo, lakini wasigeuzwe jalala la matatizo ambayo meneja hataki kuyasikia.

Anayetaka kujipima faraghani ana WHO-5, dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani lenye maswali matano kuhusu mtu alivyojisikia wiki mbili zilizopita. Jumla ikiwa chini ya 13 kati ya 25, ni vizuri kumwona mtaalamu. Si jibu la daktari, ni kengele tu. Na mwenzenu akisema anataka kujiua, achaneni na madodoso na kamati: msimwache peke yake, mpelekeni kituo cha afya au piga namba ya dharura hapohapo.

Jambo ambalo karibu hakuna anayelitafutia nyenzo ni kurudi kazini baada ya kuugua. Ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 unalitaja, na halina ugumu mkubwa: saa chache mwanzoni, kazi zinazoongezeka taratibu, na meneja mmoja anayejulikana kuwa ndiye wa kuulizwa. Kabla ya siku hiyo mtu apigiwe simu, aulizwe yeye mwenyewe anataka wenzake waambiwe nini, na waambiwe hilo tu.

Mjumbe wa kamati ya usalama na afya kazini