Maswali na majibu: samaki wa baharini wasiotulia katika tangi dogo

Barua nyingi za safari hii zinatoka kwa wenye matangi madogo ya maji chumvi waliochoka kumtazama samaki aliyejibanza nyuma ya jiwe. Wanataka samaki wa pilikapilika. Nimechagua maswali nane na kuyafupisha.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Nimempenda sana kangaja wa njano, na huyu niliyemwona ana sentimita 5 tu. Si anaweza kukaa humo kwanza, akikua nikamhamisha?

Usimchukue, ndugu yangu. Najua jibu hili linauma, maana hata mimi niliambiwa hivyo nikakaidi. Tangi langu wakati huo lilikuwa la lita mia na ushei, na kangaja niliyemleta alikuwa mdogo kuliko kidole gumba. Wiki za mwanzo alinifurahisha mno. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa amejichorea njia: anatoka kona ya kushoto, anapita sambamba na kioo cha mbele, anafika kona ya kulia, anageuka, anarudi. Anageukia palepale kila mara, kwa mkunjo uleule wa mkia, mamia ya mara kwa siku. Baadaye ngozi ikaanza kupauka kuzunguka macho, kisha kwenye mstari wa ubavuni, na kila aliyevuka njia yake alikimbizwa. Nilimpa mwenzangu mwenye tangi la mita moja na nusu. Siku chache baadaye nilimkuta anatoka jiwe hili kwenda lile akichuna mwani, kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Kangaja wa njano, Zebrasoma flavescens, hufikia takriban sentimita 20. Kwenye miamba, kazi yake kuanzia macheo hadi machweo ni kusafiri na kuchuna mwani, na hamu hiyo anayo tangu udogoni, haingoji akue. Kwake tangi la urefu wa sentimita 120 ndilo la kuanzia. Kangaja wa buluu, Paracanthurus hepatus, hukaribia sentimita 30, na hata hilo la sentimita 120 halimtoshi.

Kuna wanaosema samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi. Nawaomba msiamini. Samaki aliyeacha kukua kwa sababu ya ufinyu ni samaki aliyedumaa, na humkuti akimaliza umri wake. Na kuhusu kumhamisha baadaye: kama hilo tangi kubwa hulioni mbele yako leo, lichukulie kuwa halipo.

Basi nifuge nini? Sitaki samaki wa kulala mchangani kutwa.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi huanza kwa kuhesabu lita. Mimi huanza kwa kuuliza: akiwa baharini, samaki huyu huzungukia wapi? Wapo wasafiri na wapo wakazi. Msafiri huvuka mwamba mzima akitafuta riziki. Mkazi ana shimo lake, na shughuli zake zote hazivuki kibaraza: anatoka, anadaka chembe inayopita na mkondo, anarudi, anamtisha jirani, anatoka tena. Wote wawili hawatulii, lakini ni mkazi tu anayeweza kuishi maisha yake kamili ndani ya sentimita 60.

Wa kwanza ni klauni wa kawaida, Amphiprion ocellaris. Wawili wadogo wakiwekwa pamoja watapanga wenyewe nani mkubwa. Wote huzaliwa madume, kisha anayetawala hugeuka jike. Huogelea kwa kuyumba, kichwa juu mkia chini, na hawaendi mbali na kona waliyoichagua. Wengi wanaouzwa siku hizi wamezaliwa kwenye matangi, kwa hiyo tafuta hao.

Wa pili ni Gramma loreto wa bahari ya Karibi, zambarau mbele na njano nyuma, wa sentimita 8 hivi. Tumbo lake huelekea kwenye jiwe daima, hivyo akiingia chini ya dari ya pango utamwona anaogelea kichalichali. Mgeni wako atadhani anakufa. Mwambie ndivyo alivyo.

Lakini nikilazimika kuchagua pumbao moja tu la tangi dogo, nachukua samaki mdogo aitwaye gobi, wa jenasi ya Stonogobiops, pamoja na kamba mchimbaji, Alpheus randalli. Kamba huyu haoni vizuri. Kazi yake ni kuchimba: anasukuma mchanga nje kwa makucha kama katapila, anarudi ndani, anatoka na shehena nyingine. Gobi anaelea mlangoni akilinda. Sogeza uso wako karibu na kioo uangalie kipapasio cha kamba: kila anapotoka nje hukiacha kiguse mwili wa gobi. Gobi akitikisa mkia, kamba anarudi nyuma mara moja. Hatari ikizidi, wote wawili wanazama shimoni na unabaki kutazama mchanga. Hawa wape mchanga wa kina cha sentimita 5 au zaidi, uliochanganyika na vipande vidogo vya matumbawe ili shimo lisiporomoke. Mawe yakae juu ya sakafu ya tangi lenyewe, siyo juu ya mchanga, kwa maana kamba atachimba chini yake na jiwe litawaangukia.

Yupo pia yule mwembamba wa mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, anayepenya kila tundu bila kuchoka. Ni mzuri kumtazama, ila ana kisirani. Katika tangi la lita 54 kama lako simshauri kabisa. Kwenye zaidi ya lita 100, awe wa mwisho kuingia.

Kwa kipimo chako, ningeweka klauni wawili na gobi mmoja na kamba wake, basi. Ukishaweka mawe na mchanga, lita za maji zilizobaki ni pungufu ya 54.

Mwalimu, niliweka Chromis viridis sita ili waogelee kwa kundi. Kila baada ya wiki kadhaa mmoja anatoweka, wamebaki wawili. Maji nimepima, hayana kasoro.

Nakuamini kuhusu maji. Kinachowamaliza ni ubabe. Kwenye miamba samaki hawa huishi kwa makumi, hata mamia, juu ya matumbawe yenye matawi, na bughudha za wakubwa hugawanyika kwa wengi. Kwenye tangi lako zote zinamwangukia yule wa mwisho. Atakula wakati wengine wameshiba, atahamia kona ya juu karibu na uso wa maji, ncha za mkia zitachanika, kisha hutamwona tena. Akishaondoka, wa tano anakuwa wa mwisho. Usiongeze wengine kujaza pengo, maana mchezo utaanza upya. Wawili waliobaki wakielewana, waache hivyo.

Tangi lina siku nne, maji yanang'aa. Naweza kuingiza samaki?

Bado. Maji yanayong'aa yanaweza kuwa na amonia ya kuua. Bakteria wa kuigeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kukaa sawa. Weka chembe ya chakula ioze, pima, na ngoja mpaka amonia na nitriti zipande kisha zishuke hadi sifuri. Samaki wa mwendo hutumia hewa nyingi, na vyote viwili humnyima: amonia huchoma matamvua, nitriti huzuia damu kubeba oksijeni.

Samaki wangu mpya anapanda na kushuka kioo kimoja kutwa nzima. Ni furaha au ni shida?

Ni shida, ila mara nyingi ni ya kupita. Kwanza angalia kama anajiona kwenye kioo: bandika karatasi nyeusi kwa nje upande huo, uone kama ataacha. Pili, keti mbali kwa nusu saa utazame kama kuna anayemkimbiza. Akiwa ni mgeni tu, mpe wiki mbili.

Tatu, angalia anavyopumua. Maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu kuliko maji baridi: kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, lita ya maji yasiyo na chumvi hushika takriban miligramu 8.2, na ya bahari chini kidogo ya 7. Na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika kidogo zaidi. Matamvua yakipiga haraka na samaki akipenda kukaa juu, elekeza mdomo wa pampu kwenye uso wa maji mpaka uso wote ukunjamane. Uso ukiwa umetulia kama kioo, hewa haiingii vya kutosha hata kama pampu inanguruma chini.

Kisha tazama mawe yako. Wengi huyaegemeza yote ukuta wa nyuma, na samaki anabakiwa na njia moja tu ya mbele, ya kwenda na kurudi. Yapange kama visiwa viwili vyenye nafasi pande zote. Sasa ana mzunguko, ana pembe za kukata, ana mahali pa kupotea machoni pa mwenzake. Mkondo upite sambamba na upande mrefu wa tangi, na nyuma ya mawe kuwe shwari. Utamwona anaingia kwenye mkondo, anapiga kasia papo hapo bila kusogea, akichoka anateremka upande wa shwari. Hilo limeniondolea mizunguko ya kioo mara nyingi kuliko dawa yoyote.

Kila siku maji yanapungua kama lita moja. Naongeza maji ya chumvi kiasi hichohicho. Lakini samaki wamepoa, hawana mbio za zamani.

Acha leo hii. Kinachopaa hewani ni maji, chumvi inabaki. Tuhesabu: tangi lako lina lita 50 za maji zenye gramu 35 za chumvi kwa lita. Kila lita unayoongeza inaleta gramu 35 nyingine. Kwa wiki ni gramu 245, yaani karibu 5 zaidi kwa kila lita, na sasa umefika 40. Samaki wa baharini hunywa maji mchana na usiku na kutoa chumvi kupitia matamvua. Ukimwongezea chumvi, nguvu aliyokuwa akiogelea nayo inakwenda huko.

Tangu sasa fidia kwa maji safi yasiyo na chumvi, yaliyochujwa vizuri, kidogo kidogo kila siku. Ili kushuka, toa lita moja hivi ya maji ya tangi kila siku na uweke maji safi badala yake, usishushe zaidi ya gramu 1 kwa lita kwa siku, mpaka kipimo kisome 35. Chora mstari mwembamba kwenye kioo pale maji yanapotakiwa kufika. Katika tangi dogo, mstari huo ni chombo muhimu kama hita.

Nilimkuta samaki wangu mwenye pezi refu la mgongoni, Nemateleotris magnifica, amekauka sakafuni. Tangi lilikuwa wazi sentimita chache tu nyuma.

Pole sana. Huyo akishtuka huruka, na nafasi hiyo inamtosha. Funika tangi zima kwa wavu wa matundu madogo uliowambwa kwenye fremu, ukizunguka hata mabomba. Wavu unapitisha hewa, kioo hakipitishi. Taa ya tangi usiizime ghafla chumba kikiwa giza, iache ya chumba iwake kwanza.

Nimekusoma nikajutia: nina kangaja tayari, tangi la sentimita 80. Nifanye nini wakati namtafutia makao?

Usiongeze samaki mwingine yeyote. Mbanie kipande cha mwani mkavu kwenye kioo kila asubuhi, mwani usiotiwa viungo, uwepo mpaka jioni, maana huyu hazoei kula mlo mmoja mkubwa. Punguza mawe ili njia irefuke. Badilisha asilimia 15 ya maji kila wiki, kwa sababu anayekula sana huchafua sana.

Siku ya kumtoa, usimkimbize na wavu. Kwenye shina la mkia ana mwiba mkali kama wembe kila upande, hunasa kwenye nyuzi na kuchanika, na mkono wako nao hautasalimika. Tumbukiza chombo kipana cha plastiki angavu siku tatu kabla, kikiwa kimelala ubavu, na ule mwani uubane ndani yake. Siku ya kwanza atauzunguka. Siku ya tatu atakuwa ameingia mwenyewe anakula, nawe utainua mdomo wa chombo taratibu na kumtoa pamoja na maji yake.