Zombi, msukule, na huyu "aliyeweza kufa"

Msomaji kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Juzi nimeangalia Peninsula, ile muvi ya mazombi ya Wakorea, ya pili ya Train to Busan, imenikata stimu vibaya sana. Mwanzoni tu dada yake Jung-seok, yule stelingi, aliweza kufa kwenye meli pamoja na mtoto wake ambaye aliweza kung'atwa, baadaye shemeji mtu naye aliweza kuuawa na yule sajenti. Sasa mtafsiri muda wote anasema misukule, mimi nikaandika kwenye grupu letu mazombi yamejaa, jamaa mmoja akanirukia eti sema wazombi wamejaa kwa sababu wale ni watu. Tumebishana mpaka saa sita usiku. Nani yuko sahihi?"

Marahaba mwanangu, na pole na muvi.

La grupu kwanza maana ni jepesi. Neno ni zombi, wingi mazombi, kama daktari madaktari, jambazi majambazi. Hakuna wadaktari wala wajambazi, kwa hiyo huyo wa wazombi arudi akakae chini. Ila kwenye upatanisho kakuzidi nusu, kiumbe anayetembea mwenyewe Kiswahili sanifu kinampa a- na wa-, zombi amekuja, mazombi wamejaa. Ukisema yamejaa hujatenda kosa la kufungwa, umeyadharau tu, kama mtu aliyeibiwa anavyosema "majambazi yale yamebeba hadi godoro", na sijawahi kuona mwalimu wa kumsahihisha mtu asiye na godoro. Tena kwa jinsi Peninsula inavyoyasaga kwa matairi, mamia kwa mamia yanarushwa pembeni kama takataka, sioni kwa nini wewe uyape heshima ambayo dairekta mwenyewe hakuyapa.

Hapa kuna kitu napenda kukisema japo hukuuliza. Mtu akifa kwenye Kiswahili anashushwa cheo saa hiyohiyo. Asubuhi tulikuwa tunasema mjomba amelala, jioni tunasema maiti imelala, ile a- kanyang'anywa kabla hata sanda haijafika. Halafu zombi anaamka, anapepesuka, na sisi tunamrudishia a- yake bila kinyongo. Amekuja. Amening'ata.

Mtafsiri wako simlaumu hata kidogo. Neno zombi limetoka Haiti, na huko inasemekana lilifika na watumwa waliotolewa pande za Kongo, Wakongo wana nzambi ambaye ni Mungu, tuishie hapo maana etimolojia ya mizimu haina mwisho. Cha muhimu ni kwamba yule wa Haiti hakuwa anakula watu, alikuwa mfu aliyeamshwa na mchawi akatumikishwa, na huyo jamani ni msukule mtupu, wa kulimishwa usiku na kulishwa pumba, bibi zetu walitusimulia habari zake kabla hatujaona runinga. Huyu wa kutafuna watu ni George Romero, dairekta wa Marekani, aliyetuletea mwaka 1968, tena kwenye muvi yake ile Night of the Living Dead neno zombi halitamkwi hata mara moja. Kwa hiyo kwenye kibanda umiza "misukule" inapita, watu wanaelewa na wanacheka, mimi tu nitasita kwa sababu msukule wa kwetu ni wa kuonewa huruma, yule ni mtu wa watu kachukuliwa, wa Busan ni wa kukimbiwa.

Haya, hilo limeisha. Sasa tuje kwenye kilichonifanya nichague barua yako kati ya zote.

Aliweza kufa.

Mwanangu! Aliweza kufa? Alikuwa anafanya mazoezi? Alijaribu mara ngapi akashindwa? Na mtoto aliweza kung'atwa, yaani alikuwa amepanga foleni, na shemeji aliweza kuuawa, hongera zake. Mara tatu kwenye mistari mitatu, na najua hujaligundua, ndo ugonjwa wenyewe ulivyo, aliyeng'atwa wa kwanza hajijui. Tunausikia redioni kila asubuhi, ajali imeweza kutokea, watu wanne wameweza kupoteza maisha, mvua zimeweza kunyesha, mgeni rasmi ameweza kuwasili. Mvua imeweza kunyesha! Kwani kuna mtu alikuwa ameikamata shati?

Mwaka juzi nilikuwa kwenye msiba, sitataja wapi maana wafiwa ni watu wangu. Kijana akasimama na karatasi yake kusoma wasifu wa marehemu, suti nzuri, sauti nzuri, akaanza: marehemu aliweza kuzaliwa mwaka 1951. Nikatazama chini. Aliweza kuanza shule, sawa, hilo kwa mwaka ule na kwa kijiji kile nalikubali, kilomita kadhaa kwa miguu, aliweza kweli. Aliweza kufunga ndoa, aliweza kujaliwa watoto 6, mmoja kati ya hao aliweza kutangulia. Halafu mzee aliweza kuanza kuugua. Tukaugua naye kwenye ile karatasi, sukari, presha, hospitali hii na ile, na kijana akashusha sauti kwa heshima zote akasema, "na ilipofika saa kumi na moja alfajiri, mzee wetu hatimaye aliweza kufariki." Pembeni yangu kulikuwa na mzee mmoja wa Tanga, kofia magotini, akaguna polepole akasema, "Alijitahidi." Mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Mpaka leo nikipita karibu na lile turubai la kijani, wanalikodisha mtaani kwetu, nasikia alijitahidi.

Yule mzee wa Tanga alikuwa na haki zaidi yangu kucheka, maana kwa watu wa pwani "hawezi" peke yake ina maana ni mgonjwa. Hujambo, fulani yuko wapi? Fulani hawezi. Basi, umeshaelewa, unaenda kumtazama na matunda. Sasa chukua mtu hawezi, hawezi, hawezi wiki tatu, halafu unatangaza ameweza kufa, utadhani kapona.

Kuweza ni kitenzi kinachodai kuwe na ugumu. Kuna nguvu, au ruhusa, au nafasi, na kuna kushindwa kunakosubiri upande wa pili. Nimeweza kulipa ada, hiyo naielewa, nakupa mkono. Kama hakuna namna ya kushindwa basi hakuna kuweza, na kufa ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifeli. Kwa nini watu wanaliweka? Nadhani wanaona "alikufa" iko uchi, ni neno moja, linaisha haraka, haliendani na suti. Ukisema "aliweza kufariki dunia" unapata silabi za kutosha kushusha pumzi na kutazama karatasi. Ni vipodozi, na kwenye msiba vipodozi vinateremka na machozi.

Ila sasa, na hapa ndo barua yako imenifurahisha kuliko ulivyodhani, muvi za mazombi ndo mahali pekee duniani ambapo mtu anaweza kuweza kufa. Fikiria. Zombi ni mtu aliyeshindwa kufa, kafa ikakataa. Kwa hiyo kwenye ulimwengu ule kufa moja kwa moja ni mafanikio, na Train to Busan ya 2016 inalijua hilo vizuri. Unamkumbuka Seok-woo, yule baba mwenye kazi za fedha asiye na muda na mwanae, anampeleka Su-an kwa mama yake Busan kwa treni kwa sababu ya bethdei. Karibu na mwisho anang'atwa mkononi. Ana dakika chache tu kabla hajageuka, na mtoto yuko palepale kwenye injini na yule mama mjamzito. Anamwonyesha mama breki iko wapi, mtoto anamng'ang'ania nguo, anajichomoa, anaenda nyuma kabisa kwenye ukingo, macho yameshaanza kuwa meupe, na kichwani anamwona Su-an akiwa kichanga mikononi mwake siku ya kwanza. Anatabasamu. Kisha unaona kivuli chake tu kinajiachia kutoka kwenye treni.

Huyo ALIWEZA kufa. Huyo mpe, mpe na herufi kubwa, kalamu nyekundu naweka chini. Aliwahi, alishindana na kitu, angechelewa kidogo angemla mwanae. Dada wa kwenye meli alikufa. Basi. Na ukimwachia "alikufa" tupu inauma zaidi, kwa sababu mdogo mtu kafunga mlango na yeye yuko ndani na mtoto, hiyo haihitaji kitenzi kisaidizi.

Na ukiniuliza kwa nini ya pili imekukata stimu, jibu langu ni hilohilo la kisarufi. Ya kwanza ni treni moja, korido nyembamba, mlango wa kioo, gizani kwenye handaki mazombi hayaoni na watu wanatambaa juu ya mabegi bila kupumua, kila kitu ni kigumu kwa hiyo kila kupona ni kuweza kweli. Dairekta ni yuleyule, Yeon Sang-ho, ila kwenye Peninsula kaweka lori lenye dola milioni 20 na mtoto wa kike anayeendesha gari usiku kama yuko kwenye gemu la simu, anakata kona, mazombi yanaruka, hakuna wakati unashika roho. Mwanzo wa meli ni mzuri, na kile kitoto kinachovuta mazombi kwa vigari vya rimoti vyenye taa kimenichekesha, zaidi ya hapo nilikuwa naangalia saa. Mwishoni wanalia kwa slomosheni muda mrefu mpaka nikaenda kuchemsha chai nikarudi wapo palepale wanalia. Kila mtu anaweza kila kitu, hakuna anayeshindwa, ni muvi iliyoandikwa na yule kijana wa suti.

Haki yake Peninsula nitaipa moja: ilitoka Julai 2020, korona imefunga majumba ya sinema nusu ya dunia. Hapo ukiniandikia "Peninsula iliweza kutoka" sitakugusa.

Sijidanganyi kwamba nitashinda. Jana binti yangu kapiga simu, "baba, umeme umeweza kukatika", nikamjibu haya mama, nikawasha mshumaa. Anafundisha shule, atawafundisha na wengine.

Wewe rudi kwenye grupu. Mwambie jamaa wazombi hakuna, mwambie mazombi yamejaa umesema kwa dharau na mwalimu kakuruhusu, na misukule mwachieni mtafsiri. Ila ile sentensi ya dada na meli ifute kabla hawajaipiga skrinshoti.