Ukifika kwa mteja, tafuta mpaka kwanza

Mdogo wangu unayeanza kazi ya mitandao, kabla hujagusa waya wowote, jua mtandao wa mtoa huduma unaishia wapi. Kwa mteja wa faiba, mara nyingi mpaka ni kile kiboksi cha ukutani kinachopokea faiba na kutoa waya wa kawaida. Ruta, swichi na waya za ndani ni za mteja, ingawa mikataba mingine huihesabu na ruta kuwa ya kampuni. Uliza.

Mimi nilichelewa kulijua hili, na walioumia ni wengine. Ofisi moja ya watu kama ishirini ilikosa intaneti asubuhi. Nikampigia mtoa huduma, nikamfokea, nikawaambia wenye ofisi wasubiri. Kesho yake fundi wao akaja, akachomeka laptopu moja kwa moja kwenye kiboksi: intaneti ikapita vizuri kabisa. Mfanyakazi mmoja alikuwa ameleta ruta ya nyumbani kwake, akaichomeka kwenye swichi kupitia tundu la LAN (la mtandao wa ndani), nayo ikaanza kuzigawia kompyuta anwani za mtandao (IP) zisizo za ofisi. Kompyuta zilizopaswa kuwa na anwani zinazoanza na 192.168.10 zilikuwa na zinazoanza na 192.168.1. Ningetazama anwani ya kompyuta moja tu, ningejua kabla ya chai ya saa nne. Yule fundi nilimwomba radhi palepale.

Kwa hiyo beba laptopu na waya mfupi, upime mpakani. Wi-Fi isiwe kipimo chako. Taa ya LOS (ya kupotea kwa mawimbi) kwenye kiboksi ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki. Kagua faiba isije ikawa imekunjwa nyuma ya kabati, kisha piga simu.

Kamera za ulinzi ambazo mteja hawezi kuzitazama akiwa nje ya jengo zinasumbua wengi. Utafungua poti (milango ya kupitishia mawasiliano kutoka nje) kwenye ruta mpaka uchoke, bila mafanikio. Tazama anwani ya ruta upande wa WAN (upande wa mtoa huduma): ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mteja anachangia anwani moja ya nje na wateja wengine. Anwani hizo zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Hapo mteja aombe anwani yake ya umma. Ikianza na 192.168, huenda kiboksi nacho kinafanya kazi ya ruta. Omba kiwekwe kwenye hali ya daraja (bridge), yaani kipitishe tu intaneti na kuiachia ruta ya mteja kazi hiyo.

Na unapopiga simu, taja saa uliyopima, ulichomeka wapi, na ulichokiona.