Muuzaji wangu amesajiliwa BVI, vikwazo vya Uingereza vinamhusu nini?

Mkuu, umeuliza kwa nini benki imeshikilia hela ya muuzaji wako eti kwa vikwazo dhidi ya Urusi, wakati kampuni yake ni ya British Virgin Islands, visiwa ambavyo hata kiti Umoja wa Mataifa havina. Mimi nagomboa mizigo bandarini Dar, na haya tunakutana nayo.

Kwa kuwa havina kiti, anayevibebea jukumu ni Uingereza, maana ni eneo lake. London ikiweka vikwazo, viwe vya silaha au vya mali, hutoka amri ya Mfalme ya kuvifikisha BVI, Cayman na kwingineko. Msingi wake siku hizi ni sheria ya vikwazo ya Uingereza ya 2018. Bermuda na Gibraltar, nayo maeneo ya Uingereza, hujitungia zao, ila maudhui ni yale yale.

Sasa anayekamata ni nani? Chukua Gibraltar. Tarehe 3 Julai 2019 walitunga kanuni mpya, na siku iliyofuata wakaikamata meli ya mafuta Grace 1 wakisaidiwa na makomando wa Uingereza. Meli ilikuwa na mapipa milioni 2.1 ya mafuta ya Iran, ikishukiwa kuyapeleka Syria kinyume na vikwazo vya Umoja wa Ulaya. Iran nayo ikaikamata meli Stena Impero yenye bendera ya Uingereza. Agosti, Gibraltar ikaiachia Grace 1 baada ya Iran kuahidi kwa maandishi kwamba haitakwenda Syria, Marekani ikipinga hadi dakika ya mwisho. Ikabadilishwa jina, na Septemba picha za setilaiti zikaionyesha karibu na Tartus, Syria. Ahadi gani hiyo!

Kwa maoni yangu, nguvu ya maeneo haya iko kwenye usajili kuliko makomando. Machi 2022 Bermuda ilisimamisha vyeti vya usalama vya ndege zilizosajiliwa kwake na kutumiwa na Warusi, zaidi ya 700, bila risasi hata moja. Urusi ikazisajili upya kwao, lakini nje ya nchi zikawa hatarini kukamatwa.

Na tusiwacheke. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa na bendera yetu, zimesajiliwa Zanzibar kupitia wakala wa Dubai, mpaka serikali ikazifuta.

Nirudi kwako. Mteja wetu mmoja aliagiza vipuri vya mashine za kuchoronga kwa kampuni ya BVI. Mzigo ukiwa baharini, jina la mwenye kampuni likaingia kwenye orodha ya vikwazo ya Uingereza. Wakala wake wa Tortola, kisiwa kikuu cha BVI, akajitoa, benki ikazuia malipo, BL halisi (hati za kuchukulia mzigo) hazikuachiwa. Storeji ikawa inahesabu tu. Mwishowe alinunua vipuri kwingine, na ule mzigo ukanadiwa na forodha.

Kwa hiyo kabla hujatuma TT (malipo ya benki kwa benki) nyingine, dai hati mpya ya wakurugenzi na jina la mmiliki halisi. Waingereza wanaangalia kama aliye kwenye orodha ana hisa zaidi ya 50% au anaidhibiti kampuni kwa njia nyingine, kwa hiyo jina la binamu kwenye karatasi halimsaidii. Ukilipa kwa dola, Wamarekani nao watachungulia. Na kama hela imeshazuiliwa huko BVI, kibali cha kuifungua hutolewa na Gavana, naye lazima apate ridhaa ya London. Meneja wa tawi lako hapa hana uwezo huo, usimlilie bure.