Tezi nzima, kinywa kikavu

SWALI: Shikamoo Daktari. Tangu nianze vidonge vya amitriptilini kwa maumivu ya neva, nikiamka usiku nakuta ulimi umegandama kwenye kaakaa. Nimepimwa, nikaambiwa tezi zangu za mate hazina ugonjwa. Sasa mate yameenda wapi? Na tezi hazitasinyaa?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Waliokupima hawakukosea. Tezi ya mate haijiamulii, husubiri kuambiwa. Ukitafuna au ukionja kitu kichachu, ncha za neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo hushika kipokezi kilichopo juu ya seli, na ndani kalisiamu iliyohifadhiwa huachiliwa. Hapo milango ya kloraidi inafunguka upande wa mfereji unaopeleka mate kinywani. Kloraidi hutoka, sodiamu huifuata, na maji hufuata chumvi hiyo. Hayo ndiyo mate, nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Kidonge chako hukalia kipokezi hicho hicho. Neva inaita, seli inasikia kwa mbali.

Juzi nilikuwa na mgonjwa mwenye shida kama yako. Nilimkausha shavu kwa ndani kwa pamba, mkabala na gego la pili la juu, ambapo tezi iliyo mbele ya sikio humwaga mate yake. Nikakanda shavu taratibu kutoka nyuma kuja mbele, nikangoja. Likachomoza tone moja, jeupe kama maji. Nilifurahi mno: mfereji u wazi na seli zingali hai.

Kuhusu kusinyaa, tezi hizi hata kuumbika huumbika kwa kuambiwa. Mimba ikiwa na wiki 6 hadi 8, tishu za jirani hutoa protini kama FGF10, na chipukizi la tezi hutoa matawi. Wapo waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya protini hiyo, wakakosa tezi za mate na za machozi. Hata ukubwani tezi huhitaji kuitwa: panya wakilishwa vyakula vya majimaji tu, tezi zao hunywea, wakirudishiwa chakula kigumu, hujaa tena.

Kwa hiyo tafuna. Chingamu isiyo na sukari huifanya neva iite kwa nguvu zaidi, na dawa haijaziba vipokezi vyote. Usiache kidonge kwa uamuzi wako. Mwombe aliyekuandikia aangalie dozi au dawa mbadala. Mate yakipungua meno huoza upesi, hasa karibu na ufizi, basi usilale bila kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi, na ukakaguliwe kabla jino halijaanza kuuma.