Ananyonya?

Mwanangu, umeniuliza kama homa ya meno inaweza kufika 38 na nusu, maana mama mkwe wako anasema ni meno tu msubiri mpaka Jumatatu. Miezi saba meno yanaota, sikatai, ila hebu weka pembeni hicho kipimajoto uniambie, ananyonya? Mtoto akikataa ziwa hakuna cha kusubiri, nimekuimbia hili tangu una mimba.

Ya kaka yako unayajua ila sio yote. Ilikuwa Julai, baridi la Tukuyu unalijua, ana miezi minne, kifua kimembana toka jioni. Bibi yako akasema hicho ni kimeo, kile kinyama cha kooni, kesho kuna mzee anakata. Akamfunga mablanketi matatu tukamlaza karibu na jiko la mkaa, na mimi nikakubali, nina miaka 20 ningembishia nani? Lakini nilikuwa namsikia, kila akitoa pumzi anaguna, nh, nh, kama mtu aliyebeba gunia. Nikampa ziwa, akaligusa na mdomo akaliacha, maziwa yakamtiririka shavuni.

Alfajiri ndo nikamtorosha zahanati. Nesi alifunua tu blanketi akanionyesha pale chini ya mbavu panavyobonyea ndani kila akivuta hewa, akashika saa akahesabu dakika nzima, pumzi 72. Kwa umri ule hata 50 ni nyingi. Nimonia. Na mablanketi yale ndo yaliyonificha mbavu za mwanangu usiku kucha.

Huwa najiambia usiku ule gari hakuna, ukungu, baba yako yuko safarini, ningeenda na nani. Halafu nakumbuka jirani alikuwa na pikipiki, na sikugonga mlango wake.

Mama mkwe wako simsemi. Bibi yako alizaa tisa akazika wawili, na usiku ule alikuwa anawahesabu wale saba tu. Basi ninyamaze, mama mkwe ni mzazi wako pia.

Ila akikataa ziwa kabisa, au akatapika kila anachomeza, au degedege, au akalegea unamwamsha haamki vizuri, beba hata saa nane usiku, hospitali hapo Mafinga ipo, usiombe ruhusa ya mtu. Na sasa hivi akiwa ametulia halii, mfunue kifua, angalia mbavu, hesabu pumzi dakika nzima kwenye simu uniandikie namba. Silali mpaka nione.

Mama